Maisha ya Willem Einthoven, Mutu Aliyesoma Umeme wa Moyo

Imeandikwa na doyen wa wanafunzi, 6e Biokimia

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa, wengi walitaka tuandike tena juu ya Dokta Becker wa Oicha. Lakini Dokta Becker wazee wetu wa Beni wanamujua, na wanaweza kutusimulia wenyewe kuliko mimi. Mara hii ninawaletea mutu ambaye hakutumika huku kwetu hata siku moja, lakini kazi yake inatufikia. Munganga akimulaza mugonjwa, akamufunga nyuzi kwenye mikono na miguu na kifua, kisha mashine ikatoa karatasi yenye mustari wa kupanda na kushuka, ile ni kazi ya mutu huyu. Jina lake Willem Einthoven. Na ninyi wa Matefizike wenye kuuliza kila siku nguvu ya Laplace itawasaidia nini, someni mpaka katikati.

Einthoven alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 katika muji wa Semarang, kwenye kisiwa cha Java. Zamani ile Java ilikuwa koloni ya Uholanzi, sawa inchi yetu ilivyokuwa kisha koloni ya Wabelgiji. Leo iko sehemu ya Indonesia. Baba yake, Jacob, alikuwa munganga. Alikufa wakati Willem alikuwa na miaka sita tu, na mama, Louise de Vogel, akabaki na watoto sita. Mwaka 1870 mama huyo alikusanya watoto wake wote, wakaenda kukaa Utrecht, huko Uholanzi. Kati yetu hapa shuleni wako wengi wanaolelewa na mama peke yake. Sitataja sababu zake, kila mumoja anajua ya kwao. Ninasema tu kwamba maisha ya Einthoven yalianza hivyo.

Mwaka 1878 aliingia univerisite ya Utrecht kusomea uganga, kusudi afwate njia ya baba yake. Musiwaze kwamba alikuwa mutu wa kukaa na vitabu tu. Alipenda sana michezo ya viungo, alikuwa kati ya walioanzisha chama cha wanafunzi cha kupiga kasia, na mwili aliuona kuwa kitu cha kutunzwa kama akili. Siku moja katika mazoezi alianguka, akavunjika kiwiko cha mukono, pale karibu na kiganja. Mwingine angelala na kulalamika. Yeye, juu alikuwa amefungwa mukono bila kazi, akaanza kuchunguza namna mukono wa mutu unavyogeuka ndani na inje, na akaandika kazi ya elimu juu ya jambo lile. Unaona hapo tabia yake: kitu kikimusumbua, anakipima.

Finaliste wenzangu, jambo linalofwata ni la kwetu. Mwisho wa mwaka 1885 univerisite ya Leiden ilimuchagua awe profesa wa fiziolojia, ni kusema elimu ya namna mwili unavyotumika. Alikuwa na miaka 25. Na wakati ule alikuwa hajamaliza mutihani wake wa mwisho wa serikali wa uganga! Aliumaliza mwezi wa kwanza wa 1886, ndipo akashika kazi. Katika mwaka ule ule alioa, na Mungu akawapa watoto wane. Leiden hakuihama tena mpaka kufa.

Sasa tuingie kwenye moyo wenyewe, maana bila kuuelewa huu, maisha ya Einthoven yatakuwa hadisi tu.

Tangu mwaka 1856 watu walijua kwamba moyo unatoa umeme. Wataalamu wawili, Kölliker na Müller, walichukua muguu wa chura, wakalaza mushipa wake wa fahamu juu ya moyo wenye kupiga. Kila pigo la moyo, muguu unaruka. Hakuna waya, hakuna jiwe la torshi, ni moyo tu. Umeme ule unatoka wapi? Wa Biokimia tunajua: kila selili ya moyo iko na chumvi ndani na chumvi inje, lakini si namna moja. Potasiumu ni nyingi ndani, sodiumu ni nyingi inje. Selili inapoamka, milango yake midogo inafunguka, sodiumu inaingia, na umeme wa selili unageuka. Ikiamka moja, inaamusha jirani yake, na yule jirani mwingine, kama habari inavyopita sokoni.

Habari ile inaanzia fasi moja: kifundo kidogo cha selili juu ya chumba cha juu cha kuume. Hicho ndicho kinachopiga ngoma, mara 60 mpaka 100 kwa dakika kwa mutu mukubwa anayepumzika. Umeme unaenea katika vyumba viwili vya juu, navyo vinajikaza. Kisha unafika kwenye kifundo cha pili, katikati, na pale unangojea kidogo sana, kusudi damu ipate wakati wa kushuka. Halafu unashuka upesi kwa njia yake na kuamusha vyumba viwili vya chini, vyenye nguvu, navyo vinasukuma damu kwenda kwa mapafu na kwa mwili wote. Nyuma yake selili zinarudisha chumvi mahali pake na kungojea zamu nyingine. Ni mambo ya chini ya sekonde moja.

Na juu mwili wetu umejaa maji ya chumvi, umeme ule unafika mpaka kwenye ngozi. Lakini unafika muchache. Jiwe moja la torshi liko na volti 1,5. Umeme wa moyo kwenye ngozi ni kama milivolti moja, maana yake mara 1 500 chini ya lile jiwe. Kuupima kitu kidogo hivyo, tena chenye kugeuka mara nyingi ndani ya sekonde moja, ile ndiyo ilikuwa shida.

Wa kwanza kuuandika kwa mutu muzima, bila kumupasua, alikuwa Augustus Waller, huko London, mwaka 1887. Alitumia kijirija cha kioo chembamba sana chenye zebaki. Umeme ukipita, zebaki inapanda na kushuka, na mwanga unapiga picha. Waller alikuwa na imbwa wake, anaitwa Jimmy, ambaye alimuzoeza kusimama kimya, miguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Imbwa yule alipata sifa kushinda maprofesa wengi. Baadaye watu wamoja walilalamika mpaka katika bunge la Uingereza kwamba imbwa anateswa, na ikapashwa kuelezwa kwamba kukanyaga maji ya chumvi si mateso. Waller mwenyewe hakuwaza kwamba kazi yake itatumika sana katika hospitali. Mimi ninaona hapo ndipo alipoachana na Einthoven.

Einthoven aliona onyesho la Waller katika mukutano wa wataalamu wa fiziolojia, kule Basel, mwaka 1889. Akarudi Leiden, akaanza naye kutumia zebaki. Upesi aliona ubaya wake. Zebaki ni nzito, inachelewa. Wakati umeme umekwisha kupanda na kushuka, zebaki ingali inapanda. Basi picha inayotoka ni ya uongo: si uongo wa makusudi, lakini ni uongo. Wengine waliridhika nayo. Einthoven akakaa na hesabu. Alipima kuchelewa kwa zebaki, akatafuta kanuni, na akasahihisha ile picha kwa mukono, nukta kwa nukta. Kila pigo moja la moyo lilimuomba saa nyingi za hesabu.

Na nyumba yenyewe haikumusaidia. Laboratwari ilikuwa ya zamani, na barabara ya mawe ilipita karibu. Gari la farasi likipita, sakafu inatetemeka, zebaki inacheza. Sisi wa Butembo tunajua namna madirisha yanavyolia kamyo nzito ikipanda kilima. Basi ni vile. Einthoven akachimbisha shimo ndani ya laboratwari na kulijaza mawe makubwa, kusudi chombo kisimame bila kutikisika. Zebaki haikuacha kusumbua.

Mwaka 1895 alitoa picha iliyosahihishwa, na akatia herufi kwenye kila kilima na kila bonde. Ile ya zebaki, isiyosahihishwa, ilikuwa na A, B, C na D. Kusudi watu wasichanganye, ile ya kweli aliipa P, Q, R, S na T. Ndizo herufi tunazotumia mpaka leo.

Lakini hakuna hospitali itakayoweza kufanya hesabu ile kwa kila mugonjwa. Ilipashwa kutafuta chombo kinachosema kweli chenyewe. Na hapa, wa Matefizike, ndipo nguvu ya Laplace. Waya wenye umeme ukiwekwa katikati ya sumaku unasukumwa pembeni. Umeme mwingi, unasukumwa sana. Umeme muchache, kidogo. Kama waya ni mwepisi sana, hauchelewi. Basi Einthoven alitaka waya mwepisi kuliko wote. Aliyeyusha kwarzi, ile aina ya jiwe linalofanana na kioo, akaifunga kwenye mushale, na mushale ukapigwa kwa upinde mpaka upande wa pili wa chumba. Nyuma ya mushale kwarzi ilivutika kuwa uzi mwembamba kuliko unywele mara zaidi ya ishirini. Kisha uzi ulipakwa feza kusudi upitishe umeme. Ukiushika mbele ya macho, karibu hauuoni.

Uzi huo aliuweka katikati ya sumaku kubwa ya umeme. Taa kali iliangaza kivuli chake kupitia mikroskopi, na kivuli kilipigwa picha juu ya kioo kilichotelemuka pole pole. Chombo kile kikaitwa galvanometa ya uzi. Alikitangaza mwaka 1901, na mwaka 1902 na 1903 akatoa picha za moyo za kwanza zilizoandikwa nacho. Jambo la ajabu ni kwamba picha mupya zilifanana na zile alizotafuta kwa hesabu miaka saba mbele. Miaka ile yote ya kalamu na karatasi ilikuwa imesema kweli.

Musiwaze mashine ya kubeba mukononi. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, ni kusema zaidi ya mifuko mitano ya simenti. Ilijaza vyumba viwili, sumaku iliwaka moto mpaka ilipashwa kupozwa kwa maji, na watu watano walihitajiwa kuiongoza. Mugonjwa alikaa kwenye kiti, mikono miwili na muguu wa kushoto ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, sawa imbwa Jimmy.

Sasa shida nyingine: wagonjwa wa moyo wako hospitali, mashine iko laboratwari, na kati yao kuna kilometre moja na nusu. Mugonjwa mwenye kushindwa kupumua hautamubeba vile. Mashine nayo haibebeki. Basi Einthoven akatumia waya wa telefone. Mwezi wa tatu wa 1905 moyo uliandikwa kutoka mbali kwa mara ya kwanza: mutu yuko hospitali, mustari wa moyo wake unaandikwa laboratwari. Mutu wa kwanza alikuwa muzima, tena mwenye nguvu. Alikuwa ametoka laboratwari kwenda hospitali na kinga yake, na vilima vya R vilikuwa virefu. Watu wanaosema leo kwamba kutuma picha ya moyo kwa telefone ni akili ya siku hizi, wajue kwamba imepita miaka zaidi ya mia.

Kwa njia ile ya waya alianza kuona magonjwa. Mwaka 1906 alitoa picha za moyo ulionenepa, za mapigo yanayoruka zamu, na za moyo ambao umeme wake umekatika katikati. Hapo munganga aliweza kuona kwa macho kitu ambacho masikio yalikisikia nusu nusu.

Sasa niwaonyeshe namna ya kusoma karatasi ile, maana Einthoven ndiye aliyepanga vipimo vyake. Karatasi inakwenda milimetre 25 kwa sekonde, na milivolti moja inapanda milimetre 10. Iko na viboksi vidogo vya milimetre moja na vikubwa vya milimetre tano. Ukienda kwa upande, kiboksi kidogo ni sekonde 0,04 na kikubwa ni 0,2. Kilima kidogo cha kwanza, P, ni vyumba vya juu vinapoamka. Halafu mustari unalala kidogo: ni kule kungojea kwa kifundo cha katikati. Halafu QRS, kilima kirefu chenye ncha, ni vyumba vya chini. Halafu T, kilima cha mviringo, ni vyumba vya chini vinavyorudia hali yao. Tangu mwanzo wa P mpaka mwanzo wa QRS inapashwa kuwa viboksi vidogo vitatu mpaka vitano. QRS yenyewe haipiti vitatu.

Unataka kujua moyo unapiga mara ngapi kwa dakika? Hesabu viboksi vikubwa kati ya R moja na R inayofwata, gawa 300 kwa hesabu ile. Ukipata vine, moyo unapiga mara 75. Ukipata viwili, ni 150, na kama mugonjwa yuko amelala tu, uliza juu ya nini. Namna hii ni nzuri kama mapigo yamepangwa sawa, yasipopangwa, itakudanganya. Na ukiona P inakuja, inakuja tena, na QRS haifwati, ni kama mutu anayepiga hodi na hakuna anayefungua mulango: umeme umekatika katikati. Lakini tusidanganyane: mustari ukiwa muzuri, haina maana kwamba moyo ni muzima lazima. Munganga anaangalia mustari na mugonjwa pamoja.

Kuko tena ile pembe tatu, inayoitwa kwa jina lake. Mukono wa kuume, mukono wa kushoto, muguu wa kushoto: Einthoven aliwaza kwamba moyo uko katikati ya pembe hizo tatu. Mustari wa I unapima kati ya mikono miwili. Wa II, kati ya mukono wa kuume na muguu. Wa III, kati ya mukono wa kushoto na muguu. Na ukijumulisha I na III, unapata II. Kama R ya I ni milimetre 5 na ya III ni 4, basi ya II itakuwa 9. Ikikosa kabisa, wengine wamechanganya nyuzi. Pembe hii aliieleza karibu mwaka 1912. Watu wengine waliongeza mistari mingine kati ya 1934 na 1942, na leo jumla yake ni 12, lakini ile mitatu ya kwanza ni ya Leiden.

Upande wa feza, hakufanikiwa kama mungewaza. Mwenye kiwanda mumoja wa Munich, Edelmann, alikubali kutengeneza galvanometa na kumulipa kitu kwa kila mashine, kisha akaacha kulipa. Einthoven akaenda kwa kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliyoongozwa na Horace Darwin, mutoto wa yule Darwin wa kitabu chetu cha biolojia. Mwaka 1908 mashine ya kwanza ya Cambridge iliuzwa Edinburgh. Thomas Lewis, munganga wa London, aliichukua na kufanya nayo kazi kubwa juu ya mapigo yasiyopangwa. Wawili hawa waliandikiana kwa miaka mingi, na Einthoven hakuona haya kusema kwamba bila Lewis chombo chake kingekuwa na faida ndogo.

Mwaka 1924 alikuwa safarini Marekani wakati habari ilimufikia kwamba amepata Prize Nobel ya uganga. Na hapa nitaweka jambo ambalo linasimuliwa juu yake, nami ninalipenda kuliko mushale wa kwarzi. Katika kujenga ile mashine alikuwa na musaidizi, fundi wa laboratwari, jina lake van de Woerd. Mikono ya fundi yule ndiyo iliyofanya mengi. Einthoven alitaka kugawana naye feza za Nobel, lakini fundi alikuwa amekwisha kufa. Akatafuta jamaa yake, akakuta dada zake wawili, wazee, wanaishi katika umaskini. Akawapa nusu. Katika vitabu vingi jina la van de Woerd halimo kabisa. Ndiyo sababu nimeliandika hapa mara mbili.

Katika miaka yake ya mwisho alitumika pamoja na mutoto wake mwanaume, naye Willem, injenieri wa umeme. Walitengeneza galvanometa nyingine, uzi wake ndani ya chombo kisicho na hewa, kusudi ipokee habari za radio zinazotoka mbali sana. Zilitoka wapi? Zilitoka Java, kule alikozaliwa. Mutoto huyo alikwenda kuongoza laboratwari ya radio kule Bandung, na alikufa mwaka 1945, wakati wa vita na Wajapani. Binti mumoja wa Einthoven, Johanna, alikuwa munganga.

Einthoven mwenyewe alikufa Leiden, tarehe 29 Septemba 1927, na miaka 67, nyuma ya kuugua muda murefu. Walimuzika Oegstgeest, karibu na Leiden, katika kiwanja cha kanisa. Mashine za nyuzi zilitumika miaka kadiri nyuma yake, mpaka zile za taa za radio zikachukua nafasi. Leo mashine ya moyo inaingia ndani ya sakoshi na inatumika kwa batri, hata fasi ambapo umeme unakatika kila mangaribi, na vyombo vya maji ya chumvi vimekuwa tone la jeli chini ya elektrodi. Wenzetu watakaoingia medsini kwa UCG ao pengine wataishika mikononi mwao. Mukono wa kuume, mukono wa kushoto, muguu wa kushoto: elektrodi zingali zinafungwa pale pale.